Kulala Nairobi, Kutibiwa Chennai: tiketi ilivyobadili masharti ya safari

Mgonjwa ni mama wa miaka 58, mkazi wa Tabata, mwenye saratani ya titi. Amemaliza mzunguko wa tatu wa kemo hapa Dar es Salaam, na hospitali moja ya Chennai imempangia kuonana na daktari wa upasuaji tarehe 15. Anasindikizwa na watu wawili: mwanawe wa kiume na mdogo wa kike wa mgonjwa mwenyewe, yaani mama mdogo wa kijana. Viza zimetoka, amana ya hospitali imeshatumwa benki kwa benki, mabegi yamefungwa. Tiketi ni ya kupitia Nairobi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote: wanatua Nairobi tarehe 10 saa tatu usiku, wanaondoka kwenda Mumbai tarehe 11 saa kumi na mbili jioni, kisha wanaunganisha hadi Chennai.

Tarehe 10 hawakuondoka.

Kisa ni cha mfano, lakini masharti yaliyomo ndiyo yanayotumika, na kila kosa lililomo ni la kawaida kwa familia zinazopeleka wagonjwa India. Familia hii ilifanya mambo mengi sawasawa. Iliyowaangusha ni imani kwamba masharti ya kuingia India yanahusu India tu, wakati masharti hayo yanafuata pia njia unayopita.

Kaunta ya Jengo la Tatu

Katika Jengo la Tatu la uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, mtumishi wa kaunta alifungua safari yao kwenye kompyuta, akasoma kidogo, akainua uso.

"Shikamoo mama. Naomba pasipoti zenu, na kadi za njano."

"Marahaba mwanangu. Kadi ya njano ya nini tena? Tunakwenda India, si Kongo."

"Ni kweli mama, ila tiketi inaonyesha mnakaa Nairobi saa ishirini na moja. Mtabaki uwanjani?"

Kijana akajibu kwamba hapana, watalala South C kwa binamu yao, mama apumzike vizuri. Hapo mtumishi akaweka pasipoti mezani bila kuzigonga mhuri wowote, akaita msimamizi.

Mama yule hakuwa na kadi hiyo, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mdogo wake alikuwa nayo, ya mwaka 2012, imeandikwa kwamba inaisha baada ya miaka 10. Kijana alikuwa nayo mpya kabisa, amechanjwa tarehe 3 mwezi huohuo. Kati ya kadi hizo mbili, iliyokubalika ni ile kuukuu.

Familia nyingi humgeukia mtumishi wa kaunta kwa hasira. Si haki. Shirika la ndege likimbeba mtu asiyetimiza masharti ya kiafya au ya uhamiaji, mzigo wa kumrudisha au kumhudumia huliangukia lenyewe, na anayefanya ukaguzi wa kwanza ni yule wa kaunta. Akikuzuia Dar, unarudi Tabata kwa teksi. Ukizuiwa Mumbai saa nane za usiku ukiwa na mgonjwa wa kemo, hilo ni jambo jingine kabisa.

Sharti lenyewe linasemaje

India haina homa ya manjano. Ila ina mbu aina ya Aedes aegypti katika miji yake, mbu yuleyule anayeeneza dengu. Wakazi wa Dar waliokumbwa na dengu mwaka 2014 na 2019 wanamfahamu: anauma mchana, anazaliana kwenye ndoo, tairi na makopo ya maua. Mtu mmoja akiingia na virusi damuni, mbu wa kuvisambaza wapo tayari, na watu zaidi ya bilioni moja hawana kinga. Ndiyo maana India ni kali kuliko nchi nyingi katika jambo hili, na ukali huo una msingi.

Anayefika India ndani ya siku 6 tangu aondoke eneo lenye hatari ya homa ya manjano, au aliyepitia eneo hilo, anatakiwa awe na cheti halali cha chanjo. Asipokuwa nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Msamaha upo kwa abiria wa kuunganisha ndege, lakini una masharti mawili yanayokwenda pamoja: awe alibaki ndani ya uwanja wa ndege muda wote, na ofisa wa afya anayempokea aridhike. La pili husahaulika. Maana yake ni kwamba hata aliyekaa saa mbili tu kwenye kiti cha kusubiria anaomba msamaha, hadai haki.

Kenya imo katika nchi zenye hatari ya maambukizi. Mwaka 2022 kulikuwa na mlipuko katika kaunti ya Isiolo. Ethiopia na Uganda nazo zimo kwenye orodha. Kwa hiyo ndege inayopitia Nairobi, Addis Ababa au Entebbe inaleta swali la kadi ya njano hata kama mwanzo na mwisho wa safari hauna swali hilo.

Hapa ndipo Mtanzania hunaswa kirahisi kuliko wengine. Kwa kuwa ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, anaingia Kenya bila viza. Hakuna wa kumwambia abaki ndani ya uwanja. Anatoka, anagongewa mhuri, analala kwa ndugu, kesho yake anarudi uwanjani akiwa na ushahidi kwenye pasipoti kwamba alikuwa nje. Msamaha wa abiria wa kuunganisha umekwisha, na hakuna maelezo yatakayoufuta mhuri ule. Hata hoteli inayotolewa na shirika kwa abiria wanaosubiri muda mrefu, kama ipo nje ya uwanja, ina matokeo hayohayo.

Tusichanganye sharti hili na lile la saa 12. Nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, humdai kadi msafiri aliyekaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa nchi yenye hatari. Watu hulisikia hilo wakadhani chini ya saa 12 uko salama kila mahali. Kwa India swali la kwanza ni kama ulitoka nje ya uwanja.

Na Tanzania yenyewe? Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la nchi zenye uwezekano mdogo wa maambukizi, si katika kundi la nchi zenye hatari. Lakini kila nchi hupanga orodha yake na kuibadilisha inapoona haja. Orodha ya India isomwe wiki ya kukata tiketi na tena siku mbili kabla ya kuruka, na kila asiyezuiwa na daktari achanjwe tu. Chanjo ni moja kwa maisha yote. Kubahatisha hakuna faida.

Hesabu ya siku

Kadi ya kijana ilikataliwa kwa sababu ya hesabu, na hesabu hii inafaa kufuatwa polepole.

Cheti huanza kuwa halali siku ya 10 baada ya chanjo. Kijana alichanjwa tarehe 3, kwa hiyo cheti chake kinaanza kufanya kazi tarehe 13. Alikuwa anatarajia kufika Mumbai usiku wa kuamkia tarehe 12. Mwili wake haujahesabiwa kuwa na kinga, basi kwa ofisa wa afya yuko sawa na asiyechanjwa. Karantini kwa mtu kama huyu huisha pale cheti kinapokuwa halali au siku 6 zinapotimia, lolote litangulie. Angezuiwa siku moja hivi.

Mama hana cheti kabisa. Siku zake 6 zinahesabiwa tangu aondoke Kenya tarehe 11, zinaishia tarehe 17. Daktari anamsubiri tarehe 15.

Kukosa miadi si jambo baya kuliko yote hapo. Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, na mgonjwa wa namna hii akipata homa ni dharura ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Kumweka siku sita katika kituo cha karantini, mbali na daktari wake, akila na kulala pamoja na wageni wengine, ni hatari ambayo hakuna tofauti ya nauli inayoweza kuihalalisha.

Kadi ya mama mdogo ilipita kwa sababu nyingine. Tangu tarehe 11 Julai 2016, cheti cha homa ya manjano ni halali kwa maisha yote ya aliyechanjwa, chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa. Mabadiliko hayo yanahusu pia kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10. Haitakiwi kuchanjwa upya, wala haitakiwi kufuta au kuandika juu ya tarehe ya zamani. Kadi iliyochorwachorwa ndiyo inayotiliwa shaka. Anayekutana na mtumishi asiyelijua hili aombe kwa heshima aitiwe ofisa wa afya wa uwanja.

Kadi ikaguliwe pale kituoni kabla ya kuondoka. Jina liwe kama la pasipoti, herufi kwa herufi. Namba ya pasipoti iwepo, pamoja na tarehe ya kuzaliwa, jinsia na uraia, sahihi yako wewe mwenyewe, tarehe ya chanjo ambayo mwezi wake umeandikwa kwa herufi, jina la mtengenezaji na namba ya toleo la chanjo, sahihi ya mtoa huduma na mhuri wa kituo. Sahihi ya mwenye kadi ndiyo inayosahaulika sana. Chanjo itolewe kwenye kituo kilichoidhinishwa na Wizara ya Afya. Ofisi za afya zilizo viwanja vya ndege na bandarini zitakuelekeza. Ipo biashara ya kadi bila sindano, na watu wazima wenye akili zao huinunua. Mbali na kwamba ni kosa la jinai, inampeleka mtu asiye na kinga mahali penye ugonjwa unaoua.

Kwa nini mama hakuweza kuchanjwa

Mtu wa kwanza waliyempigia simu pale uwanjani aliwashauri wampeleke mama akachanjwe kesho yake, wasubiri siku 10. Ushauri huo ungeweza kumdhuru. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa mtu mwenye kinga kamili havileti shida. Kwa aliye kwenye kemo vinaweza kuzaana na kumletea ugonjwa wenyewe. Chanjo za virusi hai kwa kawaida hazitolewi mpaka miezi 3 angalau ipite baada ya kemo, na mwenye uamuzi ni daktari wa saratani. Wengine wanaozuiwa ni watoto wa chini ya miezi 6, wenye mzio mkali wa mayai, wenye maradhi ya tezi ya thaimasi (tezi ya kinga iliyo kifuani), waliopandikizwa viungo, na wenye VVU ambao CD4 zao, yaani chembe za kinga, ziko chini ya 200. Waliovuka miaka 60 hawazuiwi moja kwa moja, ila daktari apime kwanza faida na hatari.

Kwa wanaozuiwa kuna njia ya barua. Kadi ya njano ina ukurasa wa kuandika sababu ya kitabibu ya kutochanjwa. Daktari anaujaza, anasaini, na kuambatanisha barua yenye nembo ya hospitali. Barua hii ni muhimu na ibebwe, lakini nguvu yake ina mpaka: nchi inayokupokea inaizingatia, hailazimiki kuikubali, na bado inaweza kukuweka chini ya uangalizi. Ndiyo sababu kwa mgonjwa wa kemo tiba ya tatizo ni kubadili njia. Barua inabaki kuwa akiba.

Walichofanya usiku ule

Msimamizi aliwapa shauri la maana: wafute safari kabla kaunta haijafungwa. Abiria anayeacha tu ndege iondoke anahesabiwa kuwa hakutokea. Sehemu zote zilizobaki za tiketi hufutwa, pamoja na kurudi, na faini yake kwa kawaida ni kubwa kuliko ya kubadili tarehe. Dakika 40 zilitosha kuwaondoa kwenye orodha, na thamani ya tiketi ikabaki ikitumika baada ya makato.

Kesho yake walitafuta njia isiyokanyaga nchi yenye hatari. Zilikuwepo mbili za kufikiria. Ya kwanza ni ndege ya Air Tanzania inayokwenda Mumbai moja kwa moja kutoka Dar. Ya pili ni kupitia Ghuba, yaani Dubai, Doha au Muscat, ambako hakuna homa ya manjano na abiria anayebaki ndani ya uwanja haombi viza. Walichagua ya moja kwa moja, tarehe 13, kwa sababu mgonjwa angepanda na kushuka mara chache zaidi. Kadi ya kijana nayo ikawa imeanza kufanya kazi siku hiyohiyo. Waliongeza nauli. Kama wangeikata tiketi hiyo tangu mwanzo wangelipa kidogo kuliko jumla ya tiketi ya kwanza, makato na nyongeza.

Mama mdogo hakuondoka nao, na sababu haikuwa kadi.

Viza ya mama mdogo

Viza zote tatu ziliombwa siku moja kwenye steshenari moja, kwa mtandao. Ya mama ilikuwa ya matibabu, ile iliyoandikwa e-Medical Visa kwenye fomu. Ya kijana ilikuwa ya msindikizaji wa mgonjwa, e-Medical Attendant Visa. Ya mama mdogo, aliyeamua kusafiri baadaye kidogo, aliyejaza fomu alichagua ya utalii kwa kuwa fomu yake ni fupi. Ilitoka haraka, na kwa kuwa ilitoka, kila mtu aliamini iko sawa.

Viza ya utalii ni ya kutembea, kuona vivutio na kusalimia jamaa. Ile ya siku 30 haiongezwi. Viza ya matibabu ya mtandaoni inatoa siku 60 tangu siku ya kuingia mara ya kwanza, inaruhusu kuingia mara tatu, na inaweza kuongezwa kwa barua ya hospitali. Ya msindikizaji inafuatana nayo. Upasuaji wa titi ukifuatiwa na mionzi unapita siku 30 kirahisi. Mama mdogo angelazimika kurudi Dar dada yake akiwa katikati ya tiba, au abaki kinyume cha sheria. Kila mgonjwa anaruhusiwa wasindikizaji wawili, nafasi ilikuwepo. Aliomba upya, akafuata wiki iliyofuata kwa ndege ileile ya moja kwa moja. Ada ya viza ya kwanza haikurudishwa, maana haina kurudishwa.

Mpangilio mzuri wa maombi ni huu. Anza na barua ya hospitali ya India, yenye nembo, jina la mgonjwa kama lilivyo kwenye pasipoti, ugonjwa, tarehe na muda wa matibabu unaokadiriwa. Wanawake wengi wana jina moja kwenye kadi ya kliniki na jingine kwenye pasipoti; rekebisha hilo kabla ya kutuma mafaili ya hospitali India. Mgonjwa aombe kwanza, kwa sababu fomu ya msindikizaji inataka maelezo ya viza ya mgonjwa. Ombi liingie si chini ya siku 4 kabla ya kufika, na linaweza kuingizwa hadi siku 120 kabla. Wiki mbili ni muda wa watu waangalifu. Pasipoti iwe na miezi 6 mbele tangu siku ya kufika na kurasa mbili tupu. Anayehitaji pasipoti mpya ya kielektroniki aanze huko, Uhamiaji, kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa ombi la viza linafungwa na namba ya pasipoti. Ukipata pasipoti mpya viza ikiwa imetoka, beba na ya zamani.

Kwenye picha ndipo maombi mengi hukwama. Picha ya uso iwe JPEG ya mraba, mandhari meupe, uzito kati ya KB 10 na MB 1. Ukurasa wa pasipoti uwe PDF kati ya KB 10 na 300. Picha iliyopigwa kwa simu juu ya meza huwa na kivuli na mng'ao wa taa palepale kwenye tarakimu. Tumia skana, kisha punguza uzito hadi chini ya 300 huku ile mistari miwili ya herufi na alama chini ya ukurasa ikisomeka yote. Fomu inauliza pia majina ya wazazi na mahali walipozaliwa, dini, alama inayoonekana mwilini, nchi ulizotembelea katika miaka 10, na jina la mtu au hospitali ya kurejea huko India. Wenye asili ya Pakistani, wao au wazazi au babu zao, hawatumii mfumo wa mtandaoni; wanakwenda Ubalozi wa India hapa Dar, na muda wake ni mrefu zaidi. Hii inahusu familia kadhaa za Upanga na Kariakoo, na ni vizuri kuijua mapema.

Tovuti rasmi ni indianvisaonline.gov.in. Zipo nyingine nyingi zenye bendera na rangi zilezile zinazotoza mara kadhaa ya ada. Tazama mwisho wa anwani: pasipo gov.in, funga. Usiondoke nyumbani mpaka hali ya ombi isomeke GRANTED, na uchapishe karatasi hiyo; simu huisha chaji.

Mumbai hadi Chennai

Tangu tarehe 1 Oktoba 2025 wageni wanajaza kadi ya kuwasili ya India kwa mtandao, ndani ya saa 72 kabla ya kufika, bila malipo. Wenye viza za mtandaoni wana kaunta zao. Hapo mgeni hupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kemo na kazi za mikono hufifisha alama za vidole, hivyo mgonjwa ajipake mafuta kidogo mikononi kabla ya kushuka na asiwe na haraka.

Uhamiaji na forodha hufanyika Mumbai, mahali pa kwanza kuingia. Mabegi yachukuliwe hapo na kukabidhiwa tena kwa ndege ya ndani, hata kama yaliandikwa Chennai. Saa tatu kati ya ndege na ndege ndicho kiwango cha chini kwa mwenye kiti cha magurudumu. Kama sehemu ya Mumbai hadi Chennai ni tiketi ya peke yake, uzito unaoruhusiwa kwenye ndege za ndani kwa kawaida ni kilo 15, na begi la kilo 23 lililopita Dar bila neno litalipiwa hapo. Kiti cha magurudumu kiombwe siku ya kukata tiketi. Kwa mgonjwa wa oksijeni au aliyetoka kupasuliwa, shirika litatoa fomu ya daktari, na irudishwe angalau siku tatu kabla.

Dawa zikae begi la mkononi, kwenye vifungashio vyake, na cheti cha daktari chenye majina halisi ya dawa. Morfini ya maji ni dawa halali ya maumivu ya saratani, lakini pasipo barua inayotaja kiasi na kipimo inaweza kusomeka vinginevyo. Sigara za kielektroniki zimepigwa marufuku India tangu 2019, na simu za setilaiti haziingii bila kibali. Vyote viachwe nyumbani.

Fedha: kutoka Tanzania na taslimu za dola 10,000 au zaidi lazima utoe tamko. Kuingia India unatoa tamko noti zikizidi dola 5,000, au jumla ya noti na hundi za wasafiri ikizidi 10,000. Rupia usibebe nyingi kutoka huku; kiasi cha kuingia nacho kina kikomo. Kubwa lipite benki, na benki yako iambiwe kadi itatumika India kabla haijafungwa kwa kudhaniwa imeibwa.

Gesti, siku 60 na kurudi

Kila mwenye nyumba anayempokea mgeni wa nje anatakiwa kumwandikisha kwa mamlaka ndani ya saa 24, kwa karatasi inayoitwa Form C. Gesti za bei ya chini karibu na hospitali mara nyingine hazifanyi hivyo. Kijana aliuliza swali moja kwa simu kabla ya kulipa: "Mnapokea wageni wa nje na mnatoa Form C?" Aliyesita alimwacha. Karatasi hiyo itatakiwa tena siku ya kuongeza viza, na pasipo hiyo maombi hayaendi.

Siku 60 za mama zilianza alipoingia Mumbai. Daktari aliposema mionzi itachukua wiki kadhaa zaidi, ombi la nyongeza lilipelekwa kwa mtandao wa ofisi ya usajili wa wageni, FRRO, siku 60 zikiwa bado hazijaisha: barua mpya ya hospitali, Form C, pasipoti, viza na picha. Maombi ya wasindikizaji yalipelekwa siku hiyohiyo, kila mmoja na lake. Nyongeza ya mgonjwa haiwaongezei wao chochote. Aliyepitisha siku hatoki India kwa kulipa faini ya haraka uwanjani kama wengi wanavyodhani. Anahitaji kwanza kibali cha kutoka, na ndege inaweza kumwacha akikisubiri.

Tiketi ya kurudi nayo ilikatwa kwa kipimo kilekile. Kupitia Nairobi kwa zaidi ya saa 12 kungemfanya mama adaiwe kadi ya njano hapa Dar, kwenye meza ya afya ya Jengo la Tatu, na bado hakuwa amefikisha muda wa kuchanjwa. Walirudi moja kwa moja kutoka Mumbai, barua ya daktari ikiwa ndani ya pasipoti.